Mkataba wa Mchana

Jua lilianza kupatwa saa nne na nusu asubuhi. Majirani walizunguka beseni la maji la Kicheche, walitazame humo bila kuumiza macho. Kwale alikuja na kifaranga wake wa pekee, kwa kuwa mkataba wa mtaa ulikataza kumla jirani mchana.

"Sogea, mama," alisema Kicheche. "Mtoto naye aone."

Giza likaingia. Kifaranga alilia mara moja tu.

"Kicheche! Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana mchana, jirani. Hebu tazama juu, uhesabu nyota."

Mwanga uliporudi, Mbuzi, mwenyekiti wa mtaa, aliuliza kama nyota zilionekana. Wote wakasema zilionekana. Akaamua kwamba mkataba haukuvunjwa.

Saa sita mchana Kwale alirudi nyumbani peke yake.