Fataki Zisizo na Sumu

Mzee Mbaruku alikuwa fundi wa kujaza upya maganda ya risasi za bastola za klabu ya shabaha. Tangu daktari amkute na madini ya risasi kwenye damu, yaliyotokana na vumbi la fataki alizozizoea, vile vidude vya kitakoni mwa ganda vinavyowasha baruti, hakuthubutu kumpakata mjukuu wake, asije akampaka vumbi hilo.

Siku hiyo alipachika fataki mpya, zisizo na madini hayo. Alipojaribu, ya kwanza haikulipuka. Ya pili akaisukuma mpaka ikakaa chini kabisa kwenye ganda. Ikalia.

Alioga, akabadili nguo, akamfuata ukumbini binti yake Sikudhani, aliyempakata mtoto.

“Baba, leo utampakata?”

“Nipe, mwanangu.”

Mikononi mwake mtoto akafumbua macho, akakunja uso kama anayetaka kulia, kisha akatulia, akimtazama tu babu yake.