Fisi wa Babu

Mjukuu alifungua daftari akasoma wasifu atakaousoma mazishini kesho: "Babu aliishi miaka tisini na moja. Akiwa na miaka minane, akichunga mbuzi, alipambana na fisi aliyemjeruhi mguu."

Kisa hicho ukoo mzima ulikijua nje ndani. Hata mkwe mpya alisimuliwa kabla hajapewa kiti.

"Bibi, wa enzi zile umebaki wewe tu," mjukuu alisema. "Huyo fisi alikuwa mkubwa?"

Bibi alikuwa mdogo wake marehemu kwa miaka miwili. Aliinua shuka lililofunika maiti pale kitandani, akapitisha kidole kwenye kovu la kaka yake. Lilikuwa limenyooka kama mstari wa rula, kutoka gotini hadi karibu na kifundo. Meno ya mnyama hayakati hivyo. Panga ndilo hukata hivyo, panga la baba, ambalo mtoto wa miaka sita alikatazwa hata kuligusa.

Baba yao, ambaye fimbo haikumtoka mkononi, alikufa zamani. Kaka angeweza kusema ukweli siku yoyote. Badala yake, kila mwaka alimwongezea fisi meno.

"Alikuwa mdogo," bibi alisema. "Mdogo sana."

"Babu akamfukuza?"

"Wala. Fisi alikaa pale pale akilia, mpaka babu yako, damu zinamtiririka, akamfuta machozi akamwambia, 'Nyamaza, baba atasikia.'"