Masafa Yamefungwa

"Kituo cha Kasoli, nyamaza! Achia masafa, kuna ndege iko hatarini!"

Nyanjige alipiga kelele, kisha akaachia kitufe cha redio. Kwenye kibanda cha uwanja wa ndege wa Bariadi, saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika mbili.

Muda mfupi kabla, sauti ya Severine ilikuwa imeingia redioni: "Meidei, meidei, meidei. Injini inazima na kuwaka. Niko peke yangu. Natafuta pa kutua."

Severine alikuwa rubani wa ndege ndogo iliyokodiwa na kampuni moja ya pamba, kati ya zile zilizomiminika wilayani tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua. Ndiye pia aliyekuwa amuoe Nyanjige baada ya msimu. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshafika kwa mzee Mboje, baba yake binti, na mzee alishaanza kumwita Severine mwanangu.

Tena ndiye aliyemfundisha kazi ya redio. Nyanjige aliajiriwa bila kujua lolote kuhusu hatari za angani, Severine akakaa naye jioni nyingi kumwelekeza. "Rubani akiita meidei, wengine wote wanafunga midomo," alimwambia. "Mmoja akibwabwaja, mwenzake anakufa hajasikika. Masafa yanabaki yamefungwa mpaka rubani mwenyewe aseme hatari imekwisha." Nyanjige aliyashika maneno hayo kama anavyoishika sala ya Baba Yetu.

Shida ni kwamba masafa yalikuwa hayo hayo kwa kila mtu: ndege, hospitali ya misheni, vituo vya kununulia pamba. Kila Jumatatu saa nne kamili Nyanjige aliwasomea makarani wa vituo bei ya wiki. Isiposomwa saa nne, bei ya wiki iliyopita inaendelea. Utaratibu ulikuwa huo, na wakulima waliufuata bila ubishi.

Jumatatu hii bei ilikuwa imepanda, na imepanda kweli. Bahasha yake ililetwa asubuhi kutoka Mwanza na Severine mwenyewe. Ilikuwa siri ya ofisi mpaka saa nne, lakini Nyanjige, kwa furaha, aliifungua mbele yake akamnong'oneza.

"Baba amelala Kasoli siku nne juu ya magunia yake, amekataa kuuza," alimwambia. "Leo atacheza!"

"Mzee anastahili," Severine akacheka. Saa mbili akaruka, akisema anapeleka spea Musoma.

Sasa karatasi ya bei ilikuwa inalowa jasho mkononi mwa Nyanjige.

"Bariadi, Kasoli hapa." Alikuwa Jilala, karani wa kituo cha Kasoli. "Dada, sikiliza kidogo, hiyo ndege..."

"Jilala! Ukifungua mdomo tena nakushtaki kwa wakubwa! Mtu anakufa!"



Nyanjige akamuuliza Severine kama alivyofundishwa: uko wapi, mafuta kiasi gani, unakusudia kufanya nini. Severine alijibu kwamba yuko juu ya Nassa, mafuta ya saa moja, anajaribu kurudi Bariadi. Sauti ilikuja safi, bila ngurumo yoyote nyuma yake, na Nyanjige akajua injini imezima.

Saa nne ikagonga. Alimwona baba yake kwa macho ya moyo, amesogeza sikio dirishani kwa karani. Kusoma bei kungechukua nusu dakika tu. Aliweka kidole kwenye kitufe, akakiondoa. Pamba italimwa tena mwakani, Severine mwingine atampata wapi? "Nisamehe, baba," alisema kwa sauti, na machozi yakamtoka.

Alitoka mbio, akafukuza ng'ombe waliokuwa wakila majani katikati ya uwanja, akarudi mbio, akasogeza ndoo za mchanga mlangoni. Mara mbili alisikia mtu akibonyeza kitufe bila kusema neno. Alijua ni Jilala, akamtukana moyoni.

"Injini imeshika," Severine alisema saa nne na robo. "Lakini usifungue masafa. Bado."

"Siwezi kufungua, mpenzi. Mpaka useme mwenyewe."

Ilikuwa saa tano kasorobo aliposema: "Bariadi, hatari imekwisha. Nimetua salama barabarani. Ahsante, Nyanjige wangu."

Nyanjige alipiga magoti sakafuni akamshukuru Mungu, huku analia na kucheka. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akashika karatasi, akaisoma bei mara mbili, haraka haraka.

"Kasoli, umeipata?"



"Nimeipata," Jilala alijibu. "Ila hapa tumeshauza. Saa nne ilipita, watu wakasema basi, bei ni ile ile, na malori ya kampuni ya kina Severine yalikuwa yanataka kuondoka. Nimewasihi wangoje, nani anisikie? Mzee Mboje kauza wa mwisho. Alikuwa anasema binti yangu hawezi kusahau."

Maneno hayo yalimchoma. Hata hivyo hakujuta.

"Mwambie baba anisamehe," alisema. "Kulikuwa na roho ya mtu angani, Jilala. Severine angekufa."

"Angani?" Jilala aliuliza taratibu. "Dada, ndiyo nilitaka kukuambia tangu mwanzo ukanikatiza. Ndege ya Severine ipo hapa Kasoli, uwanja wa shule, tangu saa tatu. Haijanyanyuka."