Namba Saba

Praxeda alifungulia redio sauti ya juu, ndipo akaanza kutwanga. Majirani wa mtaani Niboye wangedhani ni karanga. Kumbe kinuni mlikuwa na vijiti vya udongo, ule wanaoutafuna wajawazito, anaoununua sokoni Kimisagara na kuuhifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Yewe, Praxeda!" Mukunde, jirani yake aliyekulia Ngara, alijishika kiuno kwa kicheko. "Wenzako wanakula mshahara wa mume. Wewe umekula utafiti!"

"Shoga, punguza sauti. Mwita akisikia nimekwisha."

Mwita, mumewe, alikuwa mtaalamu wa udongo. Alirudi kutoka msitu wa hifadhi na sampuli kumi na mbili, akazichekecha, akazianika stoo juu ya magazeti, kila moja na namba yake, zikauke apeleke maabara. Alikuwa akitafuta madini mazito, maana zamani watu walichimba madini ya bati mle. Namba saba ilitoka ukingoni mwa shimo lenyewe la machimbo.

Na namba saba ndiyo iliyonukia kama mvua ya kwanza. Mimba ya miezi saba haina adabu. Praxeda alianza kwa ncha ya kidole. Kisha kijiko. Siku ya tano gazeti lilibaki tupu, mchezaji wa mpira wa kwenye picha akimkodolea macho.

Sasa akauchekecha ule unga wa kinuni, akaumwaga palepale. Wekundu uleule. Jioni Mwita akautia kwenye mfuko wa sampuli, akaandika 7, akamshukuru mkewe kwa kumlindia stoo dhidi ya kuku.

Shukrani ile ilimuuma kuliko kofi.

Wiki tatu hakupata usingizi wa maana. Kazi ya mume ameiharibu, hilo moja. Na kama shimo lile lina sumu, basi sumu imo tumboni mwake, na mimba mbili zilizotangulia hazikufika mwisho. Akasema atamwambia wakishakula. Wakila, wageni hao wanabisha hodi. Nyumba yake ilikuwa haikosi watu. Akasema kesho. Kila hofu ilipompanda alifungua kopo akavunja kijiti. Hicho angalau alijua kilikotoka. Mukunde naye, mimba yake changa, akajifunzia utamu huo hapohapo kwenye kochi.

Jumamosi mchana sebule ilikuwa imejaa, chai inamiminwa, umbea wa mtaa wa Remera ndiyo kwanza unakolea, Mwita akaingia na karatasi mkononi.

"Majibu yametoka."

Praxeda akaweka birika chini. "Yanasemaje?"

"Msitu karibu wote ni mzima! Nilichukua udongo kulizunguka lile shimo pande zote. Namba sita safi, nane safi, tisa safi. Hata ningekuwa na mimba ningeula."

Wageni wakaangua kicheko. Praxeda alicheka nao huku machozi yakimtoka. Akalipapasa tumbo lake, na mtoto akampiga teke la nguvu. Uzito wa wiki tatu ukamshuka mabegani. Akaona ni leo au basi, tena mbele za watu, aibu na iwe aibu.

"Mwita, nina jambo. Ile namba saba..."

"Hiyohiyo!" Mwita akamkatiza. "Hiyo ndiyo imenitoa jasho. Imejaa madini ya risasi, mara ishirini ya kiwango kinachoruhusiwa. Maabara wameipima mara mbili wakidhani mashine imeharibika. Kwa hiyo moja tu, wafuga nyuki wote wanatolewa msituni keshokutwa. Mmoja wao, mzee Sibomana, amenililia kwenye simu, ana mizinga sitini mle." Akaikunja karatasi. "Haya, mke wangu, ulikuwa unasemaje kuhusu namba saba?"

Sebule nzima ikamgeukia Praxeda. Ikasikika sauti moja tu, kru, kru: Mukunde, lile kopo la maziwa mapajani, anatafuna, na kwa mkono wa pili anamnyooshea rafiki yake kijiti cha mwisho.