Kadi Iliyokaliwa

"Tangazo tukufu! Enyi raia, saa ya fumbo imewadia!" meza ya sebuleni ilinguruma, kisha ikakwama, hadi Mama alipoipiga kofi.

Ndiyo sheria: kila Jumamosi familia hucheza pamoja mchezo wa kadi kumsaka mhalifu wa kubuni. Wakimpata, taa ya kijani humwakia aliyeonyesha akili kuliko wote, naye huchukuliwa na serikali akaisakie wahalifu wa kweli. Hajarudi hata mmoja.

Shekue, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, alijua mbinu zote: semeni mlichokiona, ondoeni wasiohusika, lawama ziwe mwisho. Mdogo wake Mwantumu alizijua bila kufundishwa.

"Mpishi hakuwepo, mlinzi alilala. Kaka, lete kadi ya kisu nimalize."

"Kadi gani, bibie? Labda imekwenda msalani."

Muda ukaisha. Mama akashusha pumzi.

"Kadi moja haipo," meza ikasema. "Nani kaificha?"

"Mimi," akasema Mama.

"Mimi," akadakia Mwantumu.

Shekue akainuka, kadi aliyoikalia imemganda kwenye kaptura. "Waongo hao. Ni mimi, na sijutii."

Meza ikatafakari. "Mhalifu kapatikana, na ndiye mwenye akili kuliko wote." Taa ya kijani ikamwakia yeye.

Akavaa viatu taratibu. "Jumamosi ijayo," akawaambia, "kalieni kadi wote."