Ziwa la Ukutani

Tunu alikuwa akimalizia kuchora matete. Miaka mingi alipasua mawe ya bonde lile kavu, akakuta humo alama za majani na mifupa ya samaki. Sasa vyote vilikuwa hai kwenye ukuta wa ofisi ya kata, kandokando ya ziwa pana la kale.

Mama mmoja akasimama nyuma yake na ndoo tupu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mradi unaanza lini?”

“Mradi gani?”

“Si huu mnaotuchorea? Hata zahanati tulichorewa kwanza, ndipo ikajengwa.”

Tunu akashusha brashi. “Mama, ziwa hili lilikuwepo zamani, kabla ya watu. Lilikauka. Halirudi tena.”

“Lilikuwa wapi?”

“Hapahapa tuliposimama.”

Mama akatazama vumbi miguuni pake. Kisha akaiweka ndoo chini ya ukuta, kama watu wanavyoweka bombani kushika foleni, akaenda zake.

Asubuhi Tunu alipofuata rangi zake, foleni ya ndoo ilikuwa imefika barabarani. Ile ndoo ya kwanza ilikwishaanza kuingia vumbi.