Mizani ya Mkuyuni

Tenga la mama lilipowekwa kwenye mizani ya mnunuzi sokoni Mkuyuni, mshale ulipita kilo thelathini. La Yustina lilikuwa limegotea kumi na nne, ingawa yote mawili yalijaa karoti pomoni.

Njiani kutoka mlimani, Yustina alikuwa akimsimulia mama masomo ya chuoni. Nyota za pembezoni mwa galaksi zinakimbia mno. Kwa uzito unaoonekana, zilitakiwa zitawanyike. Wengi wanasema kuna maada isiyoonekana inayozishikilia. Wachache wanasema hakuna kitu, kanuni ya mvutano ndiyo yenye kasoro.

"Na wewe mwanangu unaamini lipi?" mama aliuliza akihema, shingo imekakamaa chini ya tenga.

"Bado nasubiri ushahidi, mama."

Sasa Yustina alizamisha mkono kwenye tenga lake, lililopakiwa na mama alfajiri. Chini ya karoti kulikuwa na majani makavu ya mgomba, yameshindiliwa vizuri.

Mama alitazama pembeni. "Tangu biashara iwe huria, kila mtu na mizani yake. Hii mbovu."

Yustina alimkanda shingo taratibu.

"Huenda, mama. Kesho nitapakia mimi, halafu tupime tena."